Binti Jini Aliyepandwa na Mwanadamu

Wapokezi wa habari za kale, ambao wengi wao walikuwa waongo lakini waongo wenye adabu, wametupokeza kwamba katika mji wa Barzangi, mji wenye kuta za matumbawe na milango ya msaji, alitawala Sultani Jaabiri bin Mudhafari, na milki yake ilienea toka jangwa la chumvi hadi milima ya ubani, na hazina yake haikuwa na kifani, na majeshi yake yalikuwa mengi, na juu ya hayo yote alikuwa na pete ya akiki iliyomfunga utumwani mfalme mmoja wa majini, na kila akiisugua, jini yule hutokea na kuinama na kusema, "Labeka maulana, amri yako i juu ya kichwa changu." Mtu mwenye pete kama hiyo ungedhani hana la kutaka.

Sultani huyu alikuwa na mwana mmoja tu, jina lake Rajai, na Mwenyezi Mungu akamchukua mtoto yule kwa homa kabla hajajua kujifunga kilemba mwenyewe. Siku ya maziko watu wote walimtazama Sultani wao, naye hakutoa chozi, wala siku ya hitima hakutoa chozi, na watu wakamsifu wakasema, "Huyu ndiye mwanamume, ana moyo wa jabali." Na siku zile zile mpiga mbiu akapita mitaani na pembe yake akatangaza kuwa ni marufuku, kwa mkubwa na mdogo, kuimba wimbo wa kuku mwenye kilemba, na atakayesikika nao atakatwa ulimi. Watu wakashangaa, kwa maana wimbo wenyewe ulikuwa wa kipuuzi, kina mama wakiwaimbia watoto wakati wa kuwaogesha, na maneno yake ni haya:

Kuku kavaa kilemba,
kenda kwa kadhi kushitaki,
kunguru kala vifaranga,
kadhi kalala, haamki.

Kwa kuwa wimbo ulimtaja kadhi, mji mzima uliamini kwamba kadhi wa Barzangi ndiye aliyekwenda kulalamika kwa Sultani, wakamchukia yule maskini mpaka akafa, na alikufa hajui kosa lake. Na tangu hapo watoto wa Barzangi wakawa wanaogeshwa kimya kimya, kama maiti wanaooshwa.

Basi Sultani Jaabiri alikuwa na kawaida ya kuketi barazani kila Alhamisi alasiri kusikiliza waimbaji. Na desturi ya nchi ile, ambayo hata leo haijafa, ni kwamba mtu wimbo ukimgusa huinuka mahali pake akaenda kumtunza mwimbaji, huyu kwa fedha, yule kwa kitambaa, mwingine kwa manukato, na kwa njia hiyo waliokaa hujua nani kaguswa na neno gani, na umbea wa wiki nzima ukapatikana papo hapo. Sultani akaifanya desturi hiyo kuwa mizani. Alimwambia waziri wake, jina lake Mikidadi, "Mtu ni wimbo wake. Tazama nani anainuka wapi, nami nitajua wa kumpa cheo na wa kumnyima." Tangu siku ile aliyetunza wimbo wa vita aliitwa shujaa akapewa madaraka, na aliyetunza wimbo wa mapenzi aliitwa mzinzi, na aliyetunza wimbo wa majonzi aliitwa dhaifu, na aliyetunza wimbo wa kuchekesha aliitwa mpuuzi.

Watu si wajinga. Ilipopita miezi michache mji wote ulikuwa umegeuka mashujaa. Ngoma ya vita ikilia tu, baraza zima huinuka na kusukumana kwenda kutunza, hata muuza halua mmoja ambaye nyumbani kwake alikuwa akimwogopa jogoo. Kisha wakirudi majumbani na milango ikifungwa, jemadari humwomba mkewe amwimbie taratibu habari za waridi na yasmini, na muuza halua huomba nyimbo za kuchekesha mpaka akashika mbavu, na kila mmoja husema, "Haya yaishie humu humu." Waziri Mikidadi akamwambia bwana wake kuwa hakuna nchi yenye wanaume kama Barzangi.

Ama Sultani mwenyewe, yeye hakumtunza mtu. Aje mwimbaji wa vita, aje wa mapenzi, aje aliyetoka mbali akasifiwa kuwa huliza hata mawe, Sultani husikiliza na uso wake ni ule ule, na mwisho husema neno moja: "Mwingine." Watu wengi wa Barzangi hawakuwahi kusikia neno jingine kutoka kinywani mwake.

Sasa katika mji huo palikuwa na kijana mpiga gambusi, jina lake Shekue, mtu wa furaha, mwepesi wa vidole na mwepesi wa ulimi, na katika nyimbo zote za dunia alipenda zile za mbio mbio tu, zinazowainua watu vitini. Akisikia wimbo wa majonzi husema, "Mwenye kulia akalie kwao." Na kama ilivyo kwa watu wengi wenye furaha, aliamini kwamba asiyependa anachokipenda yeye, ama ni mgonjwa, ama anasema uongo. Alhamisi moja alikwenda barazani akapiga wimbo wake wa mbio, na vidole vya miguu vikacheza chini ya kanzu nyingi, lakini hakuna aliyeinuka, na Sultani akasema, "Mwingine." Mlangoni Waziri Mikidadi akamshika bega akamwambia, "Wewe ni mpuuzi. Usirudi hapa."

Shekue akawa hana pa kupigia, maana kila nyumba iliogopa kusikika ikicheka. Akazoea kwenda nje ya mji kwenye magofu, mchana jua likiwa la utosi, wakati ambao bibi zetu walitukataza kabisa kupita mahali kama hapo, na bibi zetu walijua walisemalo. Siku moja alipokuwa amekaa juu ya jiwe akipiga na kuimba peke yake, upepo ukavuma usiotikisa jani, na mbele yake akasimama mtu mrefu mwenye ndevu za moto, amevaa joho la kifalme, na macho yake yamevimba kwa kukosa usingizi.

"Ewe mwana wa udongo," akasema jini, "ndiwe unayepiga kijiti hicho?"

Shekue akasema, kwa sauti iliyokuwa imebaki, "Ndimi, bwana wangu."

"Mimi ni Kashkashi, mfalme katika nchi ya majini, na hapa kwenu ni mtumwa wa pete, lakini hilo tuliache. Nina binti mmoja, Zabarjadi, na binti yangu amepandwa."

"Amepandwa na nini, bwana?"

"Na mwanadamu."

Shekue akasahau hofu yake akacheka. "Maulana, kwetu sisi ndio tunaopandwa na nyinyi!"

"Mlango ni mmoja," akasema mfalme, "ila nyinyi mko upande wenu nasi tuko wetu. Sikiliza. Sisi ni wa moto, chozi hatulijui, na binti yangu analia mchana na usiku, na kila chozi linapoanguka humzima kidogo. Miguu yake imekwisha kuwa jivu. Mganga wetu amesema apigiwe ngoma ya kibinadamu, wimbo baada ya wimbo, mpaka huyo mwanadamu ausikie ulio wake, apande kichwani, aseme jina lake na haja yake, kama mfanyavyo nyinyi mkitupunga. Nyimbo zenu hatuzijui. Ukimpata mwenye wimbo, utarudi kwenu na lolote utakalolitaka. Usipompata, binti yangu atazimika, na wewe hutarudi." Na kabla Shekue hajajibu, akajikuta angani, gambusi kifuani na makubadhi yake yakianguka.

Akashushwa katika mji ambao kuta zake ni shaba nyekundu na mitaa yake ni kioo, na bustani zake zina miti inayozaa taa badala ya matunda, na ndege waliokaa matawini wanajadiliana habari za nyota kwa Kiarabu fasaha, na mito yake inapanda mlima badala ya kushuka, na yote hayo Shekue hakuyatazama sawasawa, kwa kuwa aliingizwa moja kwa moja katika chumba alicholala Zabarjadi. Alikuwa mzuri, hilo halina shaka, mabinti wa hekaya hawaumbwi wabaya. Lakini alikuwa kama taa iliyokwisha mafuta, mwali umepanda juu na chini pamekuwa kijivu, na machozi yakimtoka bila sauti.

Kando yake alikaa mganga, ajuza wa kijini aitwaye Bi Sandali, mwenye ukali wa makungwi wote wa Barzangi wakiwekwa pamoja. Mbele yake palikuwa na sinia la kumkaribisha pepo mwanadamu, na humo mlikuwa na kahawa ya tangawizi, na ukoko wa wali, na viatu vikuukuu vilivyolika upande mmoja, na badala ya ubani kilifukizwa kitunguu cha kukaanga. Shekue aliposikia harufu ile njaa ikamshika, akanyoosha mkono kuchukua ukoko, na Bi Sandali akampiga kofi la kiganja.

"Usile cha pepo!" akafoka. "Piga."

Akapiga wimbo wake wa mbio, ule ule aliokataliwa barazani, na majini yaliyojaa chumbani na uani na juu ya dari yakacheza mpaka shaba ya kuta ikapata moto, na Shekue akafurahi moyoni akasema, hapa ndipo penye masikio. Lakini Zabarjadi aliziba masikio akazidi kulia, na jivu likapanda mpaka magotini.

"Huyu pepo hana masikio," akasema Shekue, na alikuwa amechukia kweli.

"Mwanangu," akasema Bi Sandali, "unapiga wako. Sisi tunatafuta wake."

Shekue akakaza nyuzi. Kisha akapiga nyimbo za vita, na za mapenzi, na za harusi, na za wavunaji, na za wapagazi, na za kumtoa mwali ndani, na hakuna uliomgusa yule binti. Bi Sandali akamwambia, "Aliaye hutaka cha kuliza. Piga za majonzi." Shekue akazipiga ingawa alizidharau, na mwanzoni alizipiga vibaya, kama mtu anayesoma salamu asizotumiwa yeye. Siku zikapita, ngoma haikukoma, na kijana akaanza kukumbuka kwao, na mtaa wake wa wasuka mikeka, na sauti za jirani zake wakigombana asubuhi. Akaona kwamba wimbo aliokuwa akiucheka juzi sasa anaumaliza macho yakiwa na maji, na wimbo wake wa mbio, akiujaribu peke yake, unamkera. Akaogopa, akadhani na yeye amepandwa. Hakuwa amepandwa. Alikuwa na huzuni tu, jambo ambalo hakuwa amelizoea.

Na bado Zabarjadi hakutikisika. Hata nyimbo za majonzi hazikumfaa kitu. Jivu lilifika kiunoni, likafika kifuani, na Mfalme Kashkashi, ambaye sauti yake ilikuwa ikivunja miamba, akawa amekaa pembeni ameshika mkono wa mwanawe na hasemi.

"Zimekwisha?" akauliza Bi Sandali.

"Zimekwisha," akasema Shekue, na sauti yake imekauka. "Umebaki mmoja, nao haufai. Ni wa kipuuzi, wa kuogeshea watoto, tena ni marufuku."

"Marufuku kwa nani?"

"Kwa Sultani wetu. Anakata ulimi."

"Sultani wenu yuko humu?"

"Hayumo."

"Basi piga, usinichoshe."

Akapiga. Wimbo ule kwa kawaida huimbwa haraka haraka, maji yakirushwa na mtoto akipiga kelele, lakini vidole vya Shekue vilikuwa vimechoka na roho yake ilikuwa kwao, ukatoka polepole. *Kuku kavaa kilemba, kenda kwa kadhi kushitaki.* Alipofika kwenye kunguru na vifaranga, kichwa cha Zabarjadi kikaanza kutikisika. Alipofika kwa kadhi aliyelala, binti akainuka akaketi, akafumbua macho, na kinywani mwake ikatoka sauti nzito ya mwanamume.

"Maji yasiwe ya moto," ikasema sauti. "Hapendi maji ya moto."

Gambusi ikataka kumponyoka Shekue. Sauti ile aliijua. Kila mtu wa Barzangi aliijua, ingawa ilikuwa haijawahi kuwaambia zaidi ya neno moja.

Bi Sandali hakushtuka, hiyo ndiyo kazi yake. Akaweka mkono kwenye paji la uso la binti akauliza kama iulizwavyo, "Karibu, mgeni. U nani wewe? Watoka wapi? Wataka nini katika kiti hiki?"

"Mimi ni huzuni ya Jaabiri bin Mudhafari," ikajibu sauti. "Nilikwenda kukaa kifuani mwake siku aliyofiwa na mwanawe, mahali pangu pa halali, na kabla sijatulia akasugua pete akaamuru niondolewe nitupwe asikokujua. Nikatupwa. Sikuwa na pa kukaa. Nikamwona msichana anatembea bustanini hana linalomsumbua, nikaketi. Simtakii shari. Sina pengine."

Mfalme Kashkashi akaanguka kifudifudi. "Ni mimi!" akalia. "Ni mimi niliyeibeba kwa amri ya pete. Ilikuwa nyepesi mkononi kama jivu, nikaona ya nini niende mwisho wa dunia kwa kitu kama hiki, nikaitupa nyuma ya ukuta wa nyumba yangu. Ole wangu na uvivu wangu." Majini yote yakatazama chini kwa haya, maana lililo gumu kulisikia ni kosa la mkubwa.

"Wataka nini?" akarudia Bi Sandali.

"Nataka kwetu. Nichukuliwe ndani ya gambusi, nipigiwe wimbo wangu mbele yake, naye anifungulie. Akikataa nitarudi hapa, kiti hiki nimekizoea, na safari hiyo sitaondoka."

Basi sauti ikakoma, na gambusi ikawa nzito kama iliyojazwa maji, na machozi ya Zabarjadi yakakauka, na moto ukamrudia ukashuka mpaka kiunoni, lakini haukupita hapo. Akamtazama Shekue kwa macho yake mwenyewe.

"Ni wewe uliyepiga ule wa kwanza, wa mbio mbio?" akauliza.

"Ni mimi, bibie."

"Uliniuma masikio. Ukirudi mzima nipigie tena. Nataka kujua kama wimbo wenyewe ni mbaya, au ni mimi nilikuwa mgonjwa."

Na hapo Shekue, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumstahi mtu aliyeukataa wimbo ule, akajikuta anataka kurudi kuliko alivyowahi kutaka jambo lolote. Lakini alijua vizuri kilichokuwa kikimngoja Barzangi. Mfalme Kashkashi hakuweza kuirudisha huzuni ile kwa mkono wake, kwa kuwa amri ya pete haitanguliwi na mtumwa wake; kazi ilikuwa ya mwimbaji, na mwimbaji bila ulimi si kitu.

Akashushwa siku ya Alhamisi, alasiri. Waziri Mikidadi akamkuta mlangoni akamzuia.

"Mpuuzi, si nilikwambia usirudi?"

"Nimetubu, mheshimiwa," akasema Shekue. "Safari hii nimekuja na wimbo wa vita."

Waziri akapendezwa akamwacha apite. Shekue akaenda akaketi katikati ya zulia, akaiweka ile gambusi nzito pajani, akasema bismillahi kimoyomoyo, akapiga.

Mstari wa kwanza haukuisha watu wakawa wameutambua. Muuza halua akafumba macho. Jemadari akaanza kutafuta viatu vyake kwa miguu. Waziri Mikidadi akapiga ukelele, na askari mwenye kisu akaja mbio akamshika Shekue taya, na Shekue akaimba hivyo hivyo taya likiwa limeshikwa, na maneno yakatoka yamepinda. Ndipo Sultani akainua mkono, askari akamwachia. Hakuinua mkono kwa huruma. Aliuinua kwa kuwa kitu fulani kilikuwa kinaingia kifuani mwake, na alitaka kujua ni nini.

*Kunguru kala vifaranga, kadhi kalala, haamki.*

Gambusi ikawa nyepesi. Na uso wa Sultani Jaabiri, ule uso ambao watu waliusifu kwa kutobadilika, ukakunjamana, naye akasema mbele ya baraza lote, "Hakukubali kadhi alale. Mimi ndiye niliyekuwa kadhi. Nilikuwa nikimwogesha mwenyewe, jioni, wajakazi nikiwaondoa. Ukifika hapo mimi hufumba macho nikajifanya nimelala, naye hunimwagia maji usoni ili niamke." Kisha akasema, "Kila siku. Hakuchoka."

 Sultani akainuka kitini, akashuka ngazi za kiti chake, akatembea juu ya zulia mpaka alipoketi mwimbaji, kama afanyavyo mtu yeyote aliyeguswa, na watu hawakuamini macho yao, kwa kuwa alikuwa anakwenda kutunza. Akaivua pete ya akiki kidoleni akaiweka juu ya paja la Shekue. Kisha akarudi akaketi, machozi yakimwagika ndevuni, akasema, "Tena."

Shekue akapiga tena, na tena, mpaka adhana ya magharibi. Na katika baraza lile jemadari alilia kwa kwikwi, na muuza halua akaangua kicheko, maana yeye wimbo ule ulimkumbusha mwanawe aliyeteleza na sabuni akatoka uchi mpaka sokoni. Mmoja akawa anamkumbuka mama yake, na mwingine hakukumbuka chochote, aliupenda tu mdundo. Waziri Mikidadi akamtazama huyu, akamtazama yule, wimbo ni mmoja na nyuso ni mia, na mizani yake yote ikawa haina kazi. Baadaye alipewa kazi ya kusimamia mifereji ya maji, na inasemekana aliifanya vizuri.

Usiku huo Sultani hakulala vizuri, wala siku nyingi zilizofuata, lakini asubuhi alisikika akiomba kahawa kwa sauti ya mtu. Akaondoa marufuku, na watu wa Barzangi walipojua ukweli walikwenda kwa wingi kwenye kaburi la kadhi wao wa zamani wakamsomea Fatiha, na wengine wakamwomba radhi. Ilikuwa imechelewa mno kumfaa, ila wao iliwapunguzia mzigo.

Ama Shekue, Sultani alimpa nyumba ya ghorofa na shamba la minazi na mapambo ya dhahabu, akawa tajiri. Akaisugua pete, na Mfalme Kashkashi akatokea akainama, "Labeka maulana." Shekue akamwinua haraka akasema, "Usiniite maulana, nataka kuposa." Na pete ile ndiyo iliyokuwa mahari. Zabarjadi, ambaye moto wake ulikuwa umerudi mpaka vidoleni, akaipokea mbele ya mashahidi, akaitia kinywani, akaiyeyusha kama tonge la halua, na baba yake akawa huru. Harusi ilifanywa katika miji yote miwili, siwa ikapulizwa, na wanadamu na majini wakala sinia moja, na Bi Sandali akawapiga makofi ya viganja wote waliotangulia kunyoosha mkono.

Walipobaki wawili, Shekue akakumbuka alichoombwa, akachukua gambusi akampigia ule wimbo wa mbio mbio, kwa ufundi wake wote. Zabarjadi akausikiliza mpaka mwisho, ametulia na ana afya tele.

"Si ugonjwa, basi," akasema. "Ni mimi."

Shekue akacheka mpaka akaiweka gambusi chini, na wimbo ule akawa anaupiga uani mkewe akiwa hayupo, na Zabarjadi naye alikuwa na nyimbo zake ndefu za kijini, zinazokwenda polepole kama mafuta mazito, ambazo mumewe alizisikiliza kwa heshima na kulala. Wakaishi kwa raha.

Nasi tuliopokea habari hii tunasema: usimpime mtu kwa wimbo anaoupenda, kwa kuwa hujui alikuwa na nani siku alipousikia, wala usimlazimishe wako, kwa kuwa moyo una siku zake, na huzuni ni mgeni mwenye haki, ukimfukuza kwako atakwenda kukaa kwa asiyehusika. Huko Barzangi Alhamisi ziliendelea, na Sultani Jaabiri alizeeka akitunza leo wimbo wa vita, kesho wa mapenzi, keshokutwa wa mzaha, kwa jinsi alivyoamka. Lakini kila mara baraza lilifungwa kwa wimbo wa kuku, na ulipofika kwa kadhi aliyelala, Sultani alifumba macho yake na kungoja, na watu wote wakangoja naye. Kisha aliyafumbua, akajifuta uso uliokuwa mkavu, akasema, "Tena."